Tanzia Iliyotoka Kwenye Mashine Isiyokuwepo

Quitunda, Palma

Dada yangu mpenzi Mwanahawa,

Assalaam aleikum warahmatullah. Shikamoo dada. Anayeandika hapa ni mdogo wako Bakari, mkono wangu huu huu unaoujua, herufi zimelala upande kama minazi ya pwani. Niko hai. Sijafufuka, maana sikufa. Asubuhi hii nimekula mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, na jino langu la nyuma linauma vilevile. Mwambie mama hilo la jino. Maiti haumwi jino.

Nakuomba ukae naye mkekani umsomee taratibu, usirukeruke. Uliponiambia kwenye simu kwamba hali chakula, dawa ya presha ameisukuma pembeni, na hitima yangu ameshaipangia Ijumaa, nilikaa mchangani mbele ya watu. Halafu ukamwekea simu sikioni, nikasema, "Mama, ni mimi Bakari." Nilimsikia kwa masikio yangu alivyojibu: "Mashine imemuua mwanangu, sasa inasema kwa sauti yake. Izime."

Ukaizima.

Simlaumu. Ulipopiga tena uliniambia wajukuu zake walishamwonyesha kwenye simu jinsi sauti ya mtu inavyotengenezwa, na yeye akaapa hataamini tena sauti isiyo na mdomo. Akasema akitakiwa kuamini, aletewe karatasi. Basi karatasi ndiyo hii. Na kuna kitu kingine nimekifunga kwenye kitambaa cheupe, anacho huyu mama wa vitenge aliyekuletea barua. Usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Wewe hujambo lakini? Goti linakwendaje? Shemeji bado anagombana na kunguru? Sisi huku tuzima, alhamdulillahi, mvua imekuja vizuri, ufuta umesimama. Mke wangu Zaituni mzima, ila haniongeleshi. Nitakueleza kwa nini.

Unakumbuka nilivyokuandikia tulipohamishwa kupisha mradi wa gesi, kutoka kijiji cha kina Zaituni kule pwani, tukaletwa kwenye nyumba hizi za matofali zilizopangwa kama vifungo kwenye kadi ya dukani. Nyumba ni nzuri, sisemi uongo. Lakini sauti haifiki. Kule tulikotoka mtu akifa, kilio cha nyumba ya kwanza kilisikika nyumba ya mwisho. Hapa kilio kinaishia ukutani. Na watu wametawanyika, wengine wako Mute, wengine Palma mjini, wengine walikwenda kulima Pundanhar wakabaki hukohuko. Mwaka jana tulimzika mtu hapa, na nduguye wa tumbo moja hakupata habari. Aliingia kijijini akivuta mbuzi wa kumzawadia kaka yake, anacheka, anauliza nyumba ipo mstari gani. Dada, tulimtazama tu yule mbuzi.

Hilo lilituuma. Chama chetu cha kuzikana, ambacho mimi ndiye mkata sanda wake na ndiye mtangaza tanzia, kikaamua tupate mtambo wa kupeleka ujumbe kwenye simu za wanachama wote kwa mara moja, na kwa mtu mmoja wa kwao kila mwanachama. Mimi kwa mtu wa kwetu niliandika namba yako. Ndivyo balaa lilivyovuka mto Ruvuma mpaka Mikindani.

Mwenyekiti wetu, Mzee Amadi, ana binti wa ukweni aliyesomea kompyuta Nampula, jina lake Atija. Binti mpole, Mmakua, anasali, akiongea Kiswahili kinachanganyika na Kireno kama mchele na choroko. Ananiita Tio, ndiyo mjomba kwa lugha ya serikali ya huku. Alikuja na kompyuta yake ya kukunja, na kidude cha kuchomeka ubavuni chenye laini ya simu ndani. Mimi nikawekwa niwe naye, kwa sababu maneno ya tanzia nayajua mimi. Tukakaa kwenye baraza yangu, yeye upande huu na kompyuta, mimi upande ule na cherehani.

Nikamuuliza, "Mashine yenyewe ya kutuma iko wapi, mwanangu?"

"Ya kweli itakuja kutoka Pemba," akasema, Pemba ya huku, dada, si kile kisiwa. "Hii ya kujaribia iko humu ndani."

"Humu ndani mna kompyuta yako."

"Ndani ya kompyuta yangu natengeneza kompyuta nyingine, Tio. Kwa Kireno tunasema máquina virtual. Haipo, lakini inafanya kazi."

Dada, nilivua miwani nikaifuta, nikaivaa tena. Nikamwambia, "Rudia hilo neno la haipo."

Akarudia. Hana haya nalo hata kidogo. Akanionyesha anavyoikata. Unaichukua kumbukumbu ya kompyuta kubwa unaimegea ile ya ndani kipande, na nafasi ya kuweka vitu unaimegea kipande, kama mimi ninavyotoa gauni la mtoto kwenye gora la mama yake. Ukiwa mchoyo, mtoto hapumui. Ukimpa nyingi mno, mama ndiye anayekosa pumzi, na kweli mara ya kwanza alimpa nyingi, kompyuta yote ikaganda, feni inalia, Atija ameshika kichwa. Akazima, akaanza upya, akapunguza. Kisha ile ya ndani ikawaka. Wallahi iliwaka! Kioo cheusi ndani ya kioo, maandishi meupe yanamiminika kama mchwa waliovunjiwa kichuguu, halafu ikauliza jina la mtumiaji na neno la siri. Nilisema Subhanallah kwa sauti, wateja wakageuka. Kitu kisichokuwepo kinaniuliza mimi ni nani!

"Yenyewe haijui kwamba iko ndani," Atija akasema. "Inajiona kompyuta kamili."

Hilo sikulipenda. Sikulala nalo vizuri. Nilimuuliza imamu wetu, akasema hakuna ubaya, ni kazi ya mikono tu, akili Mwenyezi Mungu katoa. Lakini nakueleza wewe nilivyojisikia moyoni: nilihisi nimeonyeshwa kitu ambacho fundi nguo hakupaswa kukiona.

"Na faida yake nini?" nikamuuliza Atija.

"Faida yake, Tio, ndani humo tunaharibu tunavyotaka. Nje hakiharibiki kitu."

Yashike maneno hayo, dada.

Kazi ikaendelea. Siku jua likiwa zuri tulikuwa na umeme wa kutosha, siku ya mawingu tulikaa. Akaweka ndani ya ile mashine mambo yake ya kutuma ujumbe, akafika mahali pa kuweka wanachama. Akaanza kuandika João wa kwanza, João wa pili, João wa tatu, na namba za kubuni. Nikamshika mkono.

"Hao ni nani?"

"Si watu, Tio. Ni wa majaribio."

"Chama cha kuzikana kiandikishe watu ambao Mungu hakuwaumba? Tutamzika nani? Mimi sitii jina langu kwenye uongo huo."

Akacheka, akaniambia ni kawaida. Nikakataa. Nikaenda kwa Mzee Amadi, naye akaona haya kwamba chama kianze kwa majina ya uongo. Akatoa ruhusa yawekwe majina ya kweli na namba za kweli. Atija akaguna, akaweka.

Kisha ikaja siku ya kujaribu ujumbe. Akasema, "Andika chochote, Tio. Andika habari za asubuhi."

Nikamwambia, "Kanzu haipimwi kwenye mwili wa mbuzi. Mashine ya tanzia iandikiwe tanzia."

"Sawa. Sasa afe nani?"

Akasema tumwandike mwenyekiti, huku anacheka. Nikamwambia aombe msamaha. Mtu mzima yuko kwake anakula muhogo wake kwa amani, wewe unamtangazia kifo? Hata mchezoni haifai, ulimi una malaika. Paulino jirani yangu alikuwa amesimama hapo anasubiri suruali. Ni Mmakonde kutoka bara, Mkristo, mfyatua matofali, mtu wa masihara sana. Akasema, "Mniandike mimi, nipumzike na madeni." Akachukua suruali yake akaondoka.

Basi nikasema, "Niandike mimi mwenyewe."

Atija akaacha kucheka. "Tio, si vizuri."

"Mimi nitakufa tu, mwanangu. Huo si uongo, ni kuwahi."

Nikaandika kwa kidole changu hiki kinachoandika barua hii. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Chama kinatangaza kifo cha Fundi Bakari Selemani. Maziko leo baada ya alasiri. Kila mwanachama ahudhurie na jembe. Nikabonyeza. Atija akanionyesha: ujumbe umekaa ndani ya mashine ya ndani, umejipanga, unasubiri kutumwa, na hauwezi kutoka kwa sababu kile kidude chenye laini tumekichomoa kiko mezani. "Umeona?" akasema. "Unafanya kazi, na hauendi popote." Tukafurahi. Nikakunja kazi, nikaenda kuswali.

Unaona jinsi nilivyokwepa, dada? Mara mbili nilikataa uongo mdogo. Kumbe nilikuwa naushona mkubwa.

Kesho yake nikapanda pikipiki asubuhi kwenda Mute, kuna shule wanataka sare. Simu nimeiacha kwa Paulino inachajiwa, yeye ndiye mwenye paneli nzuri ya jua mstari wetu. Nyuma huku Atija akataka kushusha vitu vyake kwenye mtandao. Akafungua kompyuta, akachomeka kile kidude. Alisahau kitu kimoja: siku za mwanzo aliiagiza mashine ya ndani kwamba kidude hicho kikichomekwa tu, ni chake. Na ile haijui kwamba haipo. Ikakidaka. Ikaukuta ujumbe wangu umekaa mstarini, ikautuma. Kwa wote. Hata yeye Atija hakujua, maana namba yake haimo. Aliona mtandao umekataa, akaacha kompyuta wazi, akaenda kuchota maji.

Mtu wa kwanza kusoma ni Paulino. Na unajua alisoma wapi? Kwenye simu yangu. Mimi ni mwanachama, nami nikatumiwa habari ya kifo changu. Ikalia mezani kwake, akatazama, akaona nimekufa. Watu wengine wakapiga namba yangu kuhakikisha, akapokea yeye, analia, anasema, "Simu iko huku, mwenyewe aliondoka asubuhi." Basi ikawa imethibitika.

Sasa sikiliza jambo lililonishtua kuliko yote. Hakuna aliyeuliza nimekufa kwa nini. Hata mmoja. Walijua nimeelekea Mute, wanaijua njia, wanaikumbuka miaka ya vita tuliyoipitia, watu walipouawa barabarani. Mtu akitoka akasemwa hayupo, huku kwetu watu hawaulizi sababu, wanauliza maiti inafika saa ngapi. Nimelifikiria hilo mpaka nimechoka.

Mimi nilirudi adhuhuri imeshapita, kichwani nina vipimo vya watoto wa shule, sina habari. Dereva wa pikipiki akasema, "Fundi, kwenu kuna msiba." Nikaona turubai limetandikwa mbele ya nyumba yangu, wanaume wamekaa, majembe yameegemezwa ukutani. Nilidhani ni Zaituni. Dada, niliruka pikipiki ikiwa inakwenda. Nikakimbia nikisema, "Mke wangu! Mke wangu amepatwa na nini?"

Watu wakainuka kama ndege. Mzee mmoja akasoma Ayatul Kursiyu kwa kelele. Watoto wakakimbia. Mimi nashika watu mikono, wanachopoa mikono yao. Katikati yao Atija amesimama, nguo zimelowa, analia, sauti imemkauka, anarudia neno moja, "Niliwaambia! Ni mashine! Hajafa, ni mashine!" Kumbe naye mwanzo aliamini. Alikuwa anarudi kutoka kisimani akasikia kilio, akaangusha ndoo. Aliniambia baadaye aliwaza kwamba niliandika jana na Mungu akaitikia leo. Mpaka alipoomba kuuona ujumbe wenyewe, akakuta maneno yangu vilevile na majembe yake. Akawaeleza watu kuna kompyuta ndani ya kompyuta, haipo, ndiyo iliyotuma. Wakasema binti amechanganyikiwa kwa uchungu, wakamtafutia maji ya kunywa.

Mzee Amadi ndiye aliyenisogelea kwanza. Akanigusa shavu kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima pasi.

"Bakari, wewe?"

"Mimi, Mwenyekiti. Amekufa nani?"

"Wewe."

Akasema, "Na tangazo limetoka kwenu, kwa mtangazaji. Tungefanyaje?"

Nikaingia ndani. Zaituni yuko chumbani amefunikwa shuka, wanawake wamemzunguka, ameshatolewa hereni. Akafunua uso, akaniona. Hakupiga kelele. Aliokota kandambili akanipiga nayo begani, akanipiga tena, akanipiga tena, wanawake wanasema "Muache, muache," halafu akanishika shati akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Tangu hapo hasemi nami. Chakula ananiwekea, maji ya kuoga ananiwekea, akipita nyuma yangu ananigusa mgongo kama anahakikisha. Lakini neno hakuna. Namngoja.

Kwenye baraza yangu nikakuta wamefungua mlango wa duka, wametoa bafta, vijana wawili wanakata sanda yangu. Na mkasi wangu! Nikaona walivyokata, uchungu wote ukanitoka. "Nyie, hii fupi! Hii mtanifunika magoti? Mnaniona ni mfupi hivi?" Mmoja akajibu, "Fundi, mkata sanda ni wewe, tungemuuliza nani?" Hapo ndipo mtu wa kwanza alipocheka, nadhani ni Paulino. Mama mmoja jirani akasema kwa nguvu, "Alhamdulillahi, na gauni langu la Idi je?" Kwa hiyo alikuwa analia na gauni lake, mimi nikiwa wa pili.

Nikauliza, "Na kaburi?"

Lilikuwa limeshachimbwa, dada. Zuri sana. Watu walikuja kutoka Palma, walikuja kutoka Mute njia nyingine tukapishana, na yule mwenye mbuzi alikuja kutoka Pundanhar, kwenye barabara ile ya hatari, amepakata jembe, vumbi mpaka kwenye kope. Aliposikia niko hai alikaa chini akacheka kwa machozi, akasema, "Safari hii nimewahi." Miaka yote hii niko kwao nilijihesabu mgeni, mtu wa ng'ambo ya mto aliyeoa. Sasa niliwaona wametapakaa mpaka mstari wa tatu wa nyumba, na majembe, kwa ajili yangu. Sikujua pa kuweka uso.

Lakini kaburi lililo wazi hatuliachi, hilo unalijua, hata kwetu ni hivyo. Likiachwa linaita. Imamu akasema hilo halimo kitabuni, ila kama mioyo ya watu itatulia, wafanye. Wakakata mgomba, gogo la urefu wangu, tena wakanisimamisha wakalipima kwangu. Tukaenda tukalizika. Nilikwenda nami. Nilirusha udongo kwa mikono yangu kwenye kaburi lililochimbwa kwa kipimo changu. Paulino akasimama karibu nami akanong'ona, "Fundi, wa kwetu alingoja siku ya tatu. Wewe una haraka." Nikamwambia astaghfirullah, Paulino, chunga ulimi. Halafu nikacheka mpaka nikajishika mbavu, nikiwa juu ya kaburi langu. Mungu anisamehe.

Tulipotoka makaburini Atija alikuwa amefunga mizigo yake. Wanawake walishaanza kumtazama vibaya, wanasema binti wa watu ameleta mashine inayoita watu. Nikaenda nikaketi naye. Nikasema mbele yao, "Aliyeandika ni mimi. Aliyekataa majina ya kubuni ni mimi. Yeye alitaka kumuua João ambaye hajazaliwa." Akatabasamu kidogo.

Kisha akafungua kompyuta, anionyeshe kitu. Akasema kabla hajaweka wanachama alikuwa amepiga kama picha ya mashine nzima ya ndani jinsi ilivyokuwa, na anaweza kuirudisha pale. Akabonyeza. Ikazimika, ikawaka. Akasema, "Tazama, Tio." Hakuna wanachama. Hakuna tanzia. Ndani mle siku ile haikuwahi kutokea, sikuwahi kuandikwa, sikuwahi kufa. Imerudi nyuma safi, kama nguo ambayo haijaguswa na mkasi.

Niliogopa kuliko nilipoona majembe. Nikamuuliza, "Na huku nje?"

Akashusha macho. "Huku nje hakuna kurudisha, Tio."

Na dakika ileile, kama tuliitwa, simu yangu ikalia mkononi kwa Paulino. Ilikuwa ni wewe. Nawe hukunipigia mimi, ulimpigia mtu yeyote atakayepokea simu ya marehemu, umuulize wamenizika wapi.

Hayo ndiyo yote, dada. Sijaongeza wala sijapunguza. Chama hakijaacha mtambo, usishangae. Yule wa Pundanhar alisimama kwenye kikao akasema, "Ujumbe ulinifikia. Nilifika kabla ya alasiri. Mnataka nini zaidi?" Ila kidude chenye laini sasa kinakaa mfukoni mwa Mzee Amadi, na Atija amekubaliwa akina João wake wote. Aliniuliza kama tujaribu kwa tangazo la harusi. Nikamwambia usithubutu, watu watakuja na sufuria.

Nisalimie shemeji, mwambie barua hii isimpe maneno ya kunitania mpaka nife kweli. Nisalimie mama mdogo Somoe, na mjomba Hassani mvuvi wa kaa, nasikia aliacha kila kitu akaja kukaa nanyi kwenye msiba wangu, mwambie nitamlipa kwa kanzu. Wajukuu wote wa mama nawabusu, na aliyemfundisha bibi yake habari za sauti bandia nitamvuta sikio, lakini kwa upendo. Majirani waliokuja kulia nawaombea kheri. Na kama nyama ya hitima imeshanunuliwa, msiitupe. Ipikeni, mle kwa jina la Mungu, iwe ya shukrani.

Sasa mwite mama asogee. Fungua kile kitambaa umwekee mkononi, usimwambie kitu.

Ni kofia ya mkono, ya vitundu. Nimeishona usiku huu na asubuhi hii bila cherehani. Najua macho yake hayaoni tena tundu la sindano, lakini vidole vyake vinaona. Mwache aipapase kwa ndani, kwenye ukingo. Atakuta fundo nimelirudisha nyuma na kulificha chini ya uzi, kama alivyonifundisha kwenye mkeka wa jikoni, akinigonga vidole kwa mwiko kila nilipoliacha nje. Mafundi wa huku hawalifungi hivyo. Wa kwetu wanaolifunga hivyo nawajua wawili tu, yeye na mimi.

Nusu ya kofia sijaimaliza. Sindano nimeichoma palepale nilipoishia, na uzi wake. Mwambie ale kwanza, ameze dawa, kisha anishonee nusu iliyobaki. Nitakuja kuivaa.

Ni mimi mdogo wako, mzima na mwenye jino bovu,

Bakari